Gari Lililoachwa na Kiwanda: Nilisasishe au Niliache Lilivyo?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Buswelu, hapa Mwanza. Mwaka jana niliagiza gari la haibridi (linalotumia petroli na umeme) kutoka Japani, toleo la 2018. Mwezi uliopita betri ndogo, ile ya volti 12, ilikufa. Fundi akaweka mpya, na tangu hapo skrini inaonyesha maandishi ya Kijapani na alama ya kadi. Redio haipigi na kamera ya nyuma haionyeshi kitu. Fundi mwingine anasema programu ya gari "imeisha muda", kiwanda kilipanga hivyo ili watu wanunue magari mapya, na kwa shilingi 350,000 ataliapdeti gari zima kwa kompyuta yake. Shemeji yangu naye ananishauri niliuze nichukue la 2008 lisilo na mambo ya mtandao. Je, nimlipe fundi? Na ni kweli magari haya yanatengenezwa yaishe muda kama simu?

Jibu: Usimlipe, ndugu yangu, angalau kwa kazi aliyoitaja. Unachokieleza kinafanana kabisa na kufuli la wizi la redio, na halihusiani na programu kuisha muda. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani, hasa zile za Toyota za familia za NSCP na NSZT, hutunza ramani kwenye kadi ya SD iliyofungamanishwa na redio hiyo moja. Umeme wa betri ukikatika kabisa, redio hujihesabu kama imeng'olewa kwenye gari, na ikiwashwa tena hudai kadi yake halisi. Kadi ikiwa haipo, au mtu aliichomoa akaweka ya nyimbo, redio inajifunga na kila kinachopita kwenye skrini kinaweza kufungwa nayo, kamera ikiwemo.

Anza kwa kutafuta kadi. Fungua skrini ifunuke au tazama nafasi ya kadi pembeni yake, kisha kagua boksi la dashibodi, mfuko wa vitabu vya gari na hata chini ya zulia la mbele. Ukiipata, irudishe gari likiwa limezimwa, kisha liwashe. Usipoipata, fundi wa redio anayezijua redio za Kijapani ataisoma namba ndefu ya utambulisho ambayo redio yenyewe huionyesha, aitumie kupata namba ya kufungulia. Hiyo ndiyo kazi ya kulipia, na mkubaliane kwamba hela inatoka redio ikishapiga. Injini, gia na breki haziguswi, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuchomeka kompyuta kwenye mfumo wa gari zima.

Siku nyingine betri inapobadilishwa, mwambie fundi ashikilie umeme: betri ya pili iungwe kwa waya kwenye nyaya za gari kabla terminali hazijafunguliwa, na ibaki hapo mpaka betri mpya ifungwe. Awe mwangalifu ncha ya chanya isiguse bodi. Kazi ni ya dakika kumi.

Swali lako la pili ni zito zaidi, na jibu lake halitoshi kuwa ndiyo au hapana. Kwenye gari kama lako, neno "programu" linabeba vitu vitatu ambavyo mafundi wengi huvichanganya.

Cha kwanza ni programu zilizo ndani ya kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo zinazoongoza sehemu za gari: ya injini, ya haibridi, ya breki, ya mifuko ya hewa. Hizi hazina tarehe ya mwisho wala haziombi ruhusa kiwandani kila asubuhi. Kontroli boksi ya 2018 itafanya hesabu zilezile mwaka 2035 kama ilivyofanya siku ya kwanza, mradi maji na kutu visiingie kwenye plagi zake. Cha pili ni skrini yenyewe, ambayo ni kompyuta ndogo ya redio, ramani na simu, na hii huzeeka kweli. Cha tatu ni kifaa cha mawasiliano, ambacho Toyota hukiita DCM: kisanduku chenye laini yake ya simu kinachozungumza na seva za kiwanda. Toyota ilianza kukiweka kama kitu cha kawaida nchini Japani mwezi Juni 2018, kwenye Crown na Corolla Sport. Simu inapoachwa bila sasisho, benki na programu nyingine huikataa, kwa sababu simu inaishi kwa kuongea na wengine. Gari linaishi kwa petroli na betri. Kinachoweza kufa kwa kuachwa ni hicho kisanduku cha tatu, na sehemu ya hicho cha pili.

Na kimekwisha kufa mara nyingi. Kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilizima mtandao wa 3G mwezi Februari 2022, Verizon ikamaliza mwisho wa mwaka huohuo, na magari mengi yaliyotegemea 3G yakapoteza huduma za kuita msaada na kufungua milango kwa simu. Nchini Japani, kampuni ya simu ya KDDI ilizima 3G yake tarehe 31 Machi 2022, na G-BOOK, huduma ya Toyota ya mtandao ndani ya gari, ikazimwa nayo. Nchini Uingereza, Nissan ilisimamisha Aprili 2024 programu ya simu ya magari ya umeme ya Leaf yaliyotengenezwa kabla ya 2016, kwa kuwa yalitumia 2G. Mwenye Leaf akabaki na gari linalotembea vizuri, ila hawezi tena kulipasha joto asubuhi akiwa kitandani. Kwako wewe hasara hiyo haipo. Laini iliyo ndani ya gari lako, kama ipo, ni ya Japani, na huduma zake zilikoma gari lilipopandishwa melini. Kiwanda kimeshakuacha tangu siku ulipolipokea, na gari likaendelea kukupeleka kazini.

Ila kisanduku hicho kinaweza kukuletea usumbufu mmoja halisi, nao ni kunyonya betri. Kimeundwa kulala gari likizimwa, na kwa kawaida hulala. Kikiharibika, au kikibaki macho kikitafuta mtandao usiokuwepo, betri ndogo inaisha. Hesabu yake ni nyepesi. Gari la kisasa lililozimwa na kulala linatakiwa kuvuta chini ya miliampea 50, yaani ampea-saa 1.2 kwa siku. Likivuta miliampea 300, ni ampea-saa 7.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 45 inafika nusu kwa siku tatu. Mtu anayeliacha gari Kisorya akavuka na kivuko kwenda Ukerewe kwa siku nne, akirudi halimwitikii. Betri yako ilikufa bila sababu iliyoelezwa, kwa hiyo kipimo hiki kifanyike.

Kipimwe hivi. Funga milango yote, ufunguo wa rimoti uwe mbali na gari, mita zisizopungua kumi. Boneti ibaki wazi, na komeo lake lisukumwe kwa bisibisi ili gari lidhani imefungwa. Subiri dakika 30 hadi 40, maana kontroli boksi hulala moja baada ya nyingine. Kisha pima kwa mita ya koleo inayosoma umeme wa DC na kuonyesha miliampea, ukiibana kwenye waya wa hasi. Mafundi wengi hufungua terminali na kuchomeka mita katikati, na kwenye gari lako kosa hilo litafunga redio upya. Kama mita ya koleo haipo, waya wa kupitisha umeme uungwe kwanza kati ya betri na waya wa hasi, mita iungwe sambamba nao, na waya huo uondolewe mwisho, terminali ikiwa imeshafunguliwa. Wakati mita iko hapo mtu asifungue mlango wala kuwasha gari, la sivyo fyuzi ya mita itaungua.

Ukikuta mvuto ni mkubwa, usianze kuchomoa fyuzi ovyo, kwa sababu kuchomoa na kurudisha huamsha kontroli boksi na kipimo kinaanza upya. Fundi mzuri hupima tofauti ndogo ya volti juu ya kila fyuzi ikiwa mahali pake: fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri, na inayopitisha huonyesha sehemu za milivolti. Akigundua ni fyuzi ya DCM, inaweza kuondolewa moja kwa moja. Kumbuka tu kwamba kwenye baadhi ya Toyota maikrofoni ya simu na spika ya mbele ya upande mmoja hupitia kwenye kisanduku hicho, hivyo ukikizima vinanyamaza navyo. Ukivihitaji, fundi wa redio aunganishe nyaya za sauti kukiruka.

Kuna sasisho ambazo ningekusihi uzifuate hata kama zina gharama: zile zinazotokana na mwito wa kiwanda wa kurudisha magari kwa sababu ya kasoro. Mwezi Februari 2014 Toyota iliita Prius karibu milioni 1.9 duniani, kwa sababu programu ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota) iliruhusu transista zipate joto kupita kiasi na gari lingeweza kupoteza nguvu barabarani. Tiba ilikuwa programu mpya. Honda Fit Hybrid na Vezel Hybrid ziliitwa mara kadhaa kati ya 2013 na 2014, nyingi kwa sababu ya programu ya gia boksi ya klachi mbili. Magari ya namna hiyo yamejaa kwenye minada ya Japani, na si kila moja lilipelekwa kutengenezwa kabla ya kuuzwa. Sasisho kama hilo ni usalama wa familia yako, tofauti kabisa na lile la kubadilisha rangi za skrini.

Kujua kama gari lako linadaiwa, chukua namba ya chesisi. Magari ya soko la Japani hayana namba ya herufi 17 kama ya Ulaya. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu. Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru wote wana ukurasa wa Kijapani wa kukagua miito kwa namba hiyo, na kitafsiri cha kwenye simu kinatosha kuusoma. Piga picha ya majibu. Kisha mpe fundi mwenye mashine nzuri asome kitambulisho cha programu iliyomo kwenye kontroli boksi ya injini. Mashine nyingi za OBD, yaani za kuchomeka kwenye plagi ya uchunguzi wa gari, hukisoma chini ya huduma ya 09, pamoja na namba ya uhakiki wake. Kiandike. Kila atakayekwambia "nimeapdeti" aonyeshe kitambulisho cha kabla na cha baada. Kikiwa kilekile, kwenye kontroli boksi hiyo hakuna kilichobadilika.

Fundi yeyote anayeahidi "kuapdeti gari zima" kwa kifaa kidogo cha OBD cha bei ya nauli ya kwenda Dar, mshukuru uondoke. Vifaa vile husoma makosa na kuyafuta; havikutengenezwa kuandika programu. Kuandika kunahitaji kifaa cha kiwanda au cha mfumo wa J2534 (kiwango cha vifaa vya kuandikia programu za magari), programu halali ya mtengenezaji, na faili la gari hilohilo. Faili la gari la Marekani au la Uarabuni linaweza kukubali kuingia kwenye kontroli boksi inayofanana na yako kwa nje, kisha gari likawaka taa zote kwa sababu vifaa ni tofauti.

Kinachoua kontroli boksi mara nyingi, lakini, ni umeme. Wakati wa kuandika, programu ya zamani hufutwa kwanza, kisha mpya huingia kipande kwa kipande, na kazi inaweza kuchukua zaidi ya nusu saa. Volti zikiporomoka katikati, kontroli boksi inabaki haina ya zamani wala mpya. Nyingine zina sehemu iliyolindwa inayoruhusu kuanza tena. Nyingine hufunguliwa zikaandikwe mezani, na nyingine huwa za kutupa. Kwenye haibridi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kazi hufanywa swichi ikiwa imewashwa bila gari kuwa READY, yaani tayari kuendeshwa. Katika hali hiyo betri kubwa haiichaji ndogo, huku feni, taa na kontroli boksi zikiendelea kunywa.

Kwa hiyo kabla ya kumruhusu mtu, angalia mambo haya. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 au zaidi, ikisoma 12.2 imeshafika nusu, kazi iahirishwe. Iungwe kwenye chaja ya kushikilia volti, tulivu, kati ya 13 na 14. Chaja ya kawaida ya mtaani yenye umeme unaorukaruka haifai. Kiyoyozi, taa na redio vizimwe. Laptopu iwe na betri inayofanya kazi, isitegemee waya wa ukutani pekee. Na muulize fundi: TANESCO wakikata sasa hivi, nini kinashikilia volti? Jibu sahihi ni betri ya pili kubwa iliyounganishwa sambamba, au chaja inayolishwa na hifadhi ya umeme. Kuwasha jenereta baada ya giza kuingia ni kuchelewa.

Sasa nikujibu kuhusu makusudi. Ninavyoona, sehemu kubwa ya tunachokiita "kupangwa" ni kiwanda kutowajibika kwa mteja wa pili na wa tatu, hasa aliye ng'ambo ya bahari. Tazama saa za baadhi ya Honda na Acura zilizorudi mwaka 2002 ilipofika tarehe 1 Januari 2022. GPS huhesabu wiki hadi 1,024, karibu miaka 20, kisha huanza sifuri, na programu ya skrini haikuandaliwa kwa siku hiyo. Wamiliki walisubiri hadi Agosti saa zijirekebishe. Au tazama Tesla Model S na Model X za zamani: chipu ya kuhifadhi data ya gigabaiti 8 nyuma ya skrini iliandikwa rekodi za mfumo mfululizo mpaka ikachakaa ndani ya miaka michache, na mwaka 2021 kampuni ikarudisha magari karibu 135,000. Skrini ikifa, kamera ya nyuma na vidhibiti vya kuondoa ukungu kiooni vinakufa nayo. Hakuna aliyehitaji kupanga njama. Ilitosha mtu kuchagua kipuri cha miaka sita kwenye gari la miaka ishirini.

Kufunga vipuri ni jambo jingine, na hilo ni la makusudi bila shaka. Kwenye baadhi ya magari ya Ulaya, Audi na ndugu zake wa Volkswagen zikiwemo, ukichukua redio au kontroli boksi nzima kutoka gari lililopata ajali, hazikubali kazi kamili mpaka seva ya kiwanda ithibitishe. Wizi umepungua kwa njia hiyo, nakubali. Lakini kwa nchi inayotengeneza magari kwa spea za mtumba, kufuli hilo linageuza kipuri kizima kuwa chuma chakavu, na huduma ya kulifungua haipo kila mkoa. Hili ndilo la kuogopa kuliko 3G. Na kampuni ikifilisika, hali ni mbaya zaidi: Fisker ilipoomba kufilisiwa Juni 2024, wenye Ocean walilazimika kujiunga wenyewe kutafuta namna ya kupata programu na spea.

Wengine wataniuliza kuhusu wadukuzi. Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek waliidhibiti Jeep Cherokee kutoka mbali kupitia mtandao wa simu wa gari, na magari milioni 1.4 yakaitwa. Njia ile inahitaji laini iliyo hai. Gari lako halina, hivyo mlango huo umefungwa. Kinachobaki ni Bluetooth na waifai ya ndani: futa simu zote za mwenye zamani kwenye orodha, zima waifai usiyoitumia.

Shemeji yako ana nia njema, lakini gari la 2008 lina madai yake: raba, nyaya, betri kubwa kama ni haibridi, na kama utaliagiza, TRA huongeza ushuru kwa gari lililopitisha miaka 8. Umri wa programu usikufanye uuze. Siku ya kununua jingine, likague kwa macho ya mtu ambaye hatapata msaada wa kiwanda. Kiyoyozi kina vitufe vyake au kinaendeshwa kwa skrini tu? Redio ni boksi la kawaida linalotoka, ukaweka ya Android ikiharibika, au imeunganishwa na kamera, mipangilio ya milango na maonyo ya gari? Kadi ya SD ipo? Funguo ni mbili? Ufunguo wa rimoti ukipotea wote, kusajili mpya bila wa zamani ni kazi ya fundi wa kontroli boksi, na bei yake hulingana na shida yako.

Na ukiamua kuweka redio ya Android kwenye hili ulilonalo, itunze ya zamani kabatini. Angalia waya wa umeme wa kudumu na ule wa swichi havikubadilishana nafasi, kwani hapo betri huliwa kila usiku. Redio ya Japani ilikuwa inashika FM ya 76 hadi 90 tu kwenye nyingi, au 95 kwenye za karibuni, kwa hiyo utapata na stesheni za juu ulizokuwa unazikosa. Kamera ya kiwanda huenda ikahitaji adapta ya volti 6, maana nyingi za Toyota hazitumii 12. Ukiipa 12 moja kwa moja, inaungua.